Kusaka nyaya za umeme kabla ndege ya dawa haijaingia shambani

Ndege ya kunyunyizia dawa hufanya kazi mita tatu au nne juu ya mazao. Nguzo ya mbao ya mita 12, iliyozoeleka kwenye laini za vijijini za kilovoti 11 na 33, ikishafukiwa hubaki na kama mita 10 juu ya ardhi, na katikati ya nguzo na nguzo waya hubonyea chini zaidi. Rubani wa dawa, basi, hapiti juu ya nyaya kama marubani wengine. Yuko nazo kimo kimoja, au yuko chini yake, kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni mita 55 kila sekunde.

Wengi hudhani ajali hizi huwapata marubani wasiojua kuwa kuna waya. ATSB, chombo cha Australia kinachochunguza ajali za usafiri, kilipitia ripoti za mwaka 2001 hadi 2010 na kukuta kwamba katika matukio ya ndege za kilimo kugonga nyaya, asilimia 63 ya marubani walikuwa wanajua waya upo na uko wapi. Waliupoteza akilini kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo kazi ni mbili, na ya pili ndiyo ngumu: kuzijua nyaya zote, kisha kuipanga safari ili hata akili ikiteleza kidogo, pua ya ndege isiwe imeelekea kwenye waya.

Haya yameandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa mashamba, vikosi vya ardhini na marubani wageni wa eneo, kwa mashamba kama ya ngano ya Narok na Timau nchini Kenya, Basotu na West Kilimanjaro nchini Tanzania, mashamba ya miwa, na skimu za mpunga zinazovamiwa na kwelea kwelea. Hayachukui nafasi ya mafunzo ya rubani wala kitabu cha taratibu cha kampuni yake.

1. Anza na vinavyotumia umeme

Siku moja au mbili kabla ya ndege kuja, chukua pikipiki na mtu anayelijua shamba. Usianze kwa kuhesabu nguzo, maana nguzo hujificha. Anza na vitu vinavyotumia umeme: nyumba ya meneja, pampu ya kisima, mashine ya kusaga, ghala, shule ya jirani, mnara wa simu, mtambo wa umwagiliaji. Kwa kila kimoja uliza swali lilelile: umeme wake unaingilia wapi? Fuata waya mpaka uone unakotoka. Ukikuta pampu inanguruma na hujaona waya, ama inatumia sola, ama waya umepita ardhini, ama uko mahali ambapo hujaangalia. Pata jibu kabla hujaondoka pale.

Ramani ya mwaka jana usiitegemee. Tanzania, miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekuwa ikisambaza laini kijiji kwa kijiji. Kenya, mpango wa Last Mile ulioanza 2015 umefanya vivyo hivyo. Ni jambo jema kwa kila mtu isipokuwa rubani wa dawa, kwa sababu laini inaweza kusimikwa kati ya siku ya kupanda na siku ya kupiga dawa. Ukiona nguzo zimelazwa kando ya barabara zikisubiri kusimikwa, ziandike na uulize zinaelekea wapi. Picha za setelaiti kwenye simu husaidia, wakati mwingine kivuli cha nguzo huonekana vizuri kuliko nguzo yenyewe, lakini picha hizo huenda zikawa za miaka kadhaa nyuma.

Safu za mikaratusi mpakani na kwenye makorongo ndipo pa kushuka kwenye pikipiki na kutembea kwa miguu. Nguzo iliyosimama katikati ya miti haitofautiani na miti, na kwenye korongo waya unaweza kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo, nguzo zake zote mbili zikiwa zimefichwa na vichaka.

2. Soma nguzo, usitafute waya

Hiki ndicho kipengele ambacho ningependa kila mtu wa kikosi cha ardhini akijue vizuri, maana ukikijua utaweza kusema waya unaelekea wapi hata usipouona.

Ule mkono wa mlalo ulioko juu ya nguzo hukaa kukingama na laini. Ukiuona mkono umelala mashariki–magharibi, waya unakwenda kaskazini–kusini. Nguzo yenye mikono miwili iliyokaa pande tofauti, mmoja juu na mmoja chini yake, inakuambia kuwa laini imezaa tawi hapo. Litafute tawi hilo.

Kisha tazama vikombe, yaani vile vihami vinavyoushika waya kwenye mkono wa nguzo. Vikombe vilivyosimama wima juu ya mkono vinabeba waya unaopita moja kwa moja. Vikombe vilivyolala, vikiwa vimevutwa na waya upande, maana yake laini inaishia hapo au inapinda.

Halafu kuna stei, ule waya wa chuma unaotoka juu ya nguzo na kushuka mshazari hadi ardhini. Stei huwekwa upande wa pili wa mvuto. Ukiiona inashuka kuelekea magharibi, kuna kitu kinaivuta nguzo kuelekea mashariki, na kitu hicho ni waya. Stei zenyewe pia ni hatari kwa ndege inayopita karibu na nguzo, na minara ya simu na ya kupimia upepo huwa na nyingi, ndefu kuliko unavyodhani.

Transfoma juu ya nguzo ni dalili kwamba kuanzia hapo kuna nyaya ndogo zinazoelekea kwa watumiaji, mara nyingi pande mbili au tatu. Na nguzo iliyosimama peke yake katikati ya shamba, isiyo na waya unaoonekana, ichukulie kuwa ina waya mpaka umefika chini yake ukatazama juu.

Kwenye minara mikubwa ya chuma, ya kilovoti 132, 220 au 400, kosa la kawaida ni la aina nyingine. Nyaya nene za umeme zinaonekana, rubani anazivuka, halafu anakutana na waya mwembamba wa kukinga radi unaopita juu kabisa, kwenye vilele vya minara. Katika mchoro wako andika wazi: “una waya wa juu”.

3. Mchoro wa ukurasa mmoja

Chora shamba kwenye karatasi moja. Laini zote kwa kalamu nyekundu, kila nguzo iwe nukta, na mshale wa upande wa kaskazini. Weka alama ya kila nguzo kwenye simu pia, lakini karatasi ndiyo rubani atakayoibana kwenye paja. Usijaze mambo mengine. Ukiweka na majina ya vitalu, mabomba ya maji na njia za trekta, nyekundu inapotea.

Chini ya nguzo za mwanzo na za mwisho wa kila laini, na mahali inapopinda, tandika kitu cheupe kinachoonekana kutoka juu: turubai, mifuko ya mbolea iliyopasuliwa, matairi yaliyopakwa chokaa. Usisimamishe mlingoti wa chuma karibu na laini, na usimruhusu kijana yeyote kupanda nguzo au kurusha kitambaa juu ya waya. Maboya ya rangi yanayoning’inizwa kwenye nyaya ni kazi ya shirika la umeme. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linapendekeza yawe na kipenyo kisichopungua sentimita 60, na ya ukubwa huo yasiachane zaidi ya mita 30. Kama laini inakatiza shamba linalopigwa dawa kila msimu, andika barua kuomba yawekwe, na utaje namba zilizopigwa kwenye nguzo.

Wengine huomba laini izimwe siku ya kazi. Ombeni, inasaidia watu wa ardhini. Ila waya uliozimwa unakata bawa sawasawa na ule wenye umeme.

4. Kubalianeni kipande ambacho ndege haitagusa

Mazungumzo haya yafanyike kabla dawa haijachanganywa, siyo ndege ikiwa hewani. Rubani, au msimamizi kwa niaba yake, amwonyeshe mwenye shamba kwenye mchoro: “Mzee, ukanda huu ulio pembeni ya laini, na pembe hii yenye transfoma, ndege haitaingia. Utamaliziwa na trekta au bomba la mgongoni.” Upana wa ukanda huo anauamua rubani peke yake. Bei ikubaliwe hapohapo, maana mwenye shamba anayehisi amelipia ekari ambazo hazikupigwa ndiye atakayepiga simu baadaye kudai zimaliziwe.

5. Mzunguko wa juu

Rubani akifika asishuke moja kwa moja. Azunguke kwa kimo salama, kama futi 500 au zaidi, shamba likiwa upande wake, na alipitie mara ya pili kutoka upande mwingine, kwa sababu waya usioonekana ukiwa na jua mbele unaweza kung’aa ukiwa na jua mgongoni. Afuate kila laini nguzo kwa nguzo akilinganisha na mchoro. Akiona nguzo ambayo haimo kwenye karatasi, kazi isimame mpaka mtu wa ardhini afike pale.

Kioo cha mbele kifutwe kabla ya kila safari. Dawa iliyokaukia kwenye kioo, jua likiipiga, inafuta kila kitu kilicho mbele.

6. Mistari iende sambamba na laini

Kanuni ya kupanga mistari ya kunyunyizia ni rahisi kuisema: pale upepo na umbo la shamba vinaporuhusu, ndege iende sambamba na waya, isiuelekee. Ikienda sambamba, akili ikiteleza kwa sekunde mbili rubani amepita nguzo moja tu. Ikiuelekea, sekunde mbili ni mita 110.

Wakati mwingine haiwezekani, na laini inakaa mwishoni mwa mistari. Hapo rubani ainue mapema, afunge dawa mapema, na aache ukanda wa mwisho bila kupigwa. Ukanda huo utapigwa baadaye kwa mistari inayokwenda sambamba na laini, au uachiwe trekta. Kukumbuka uzito ni muhimu hapa. Air Tractor AT-502 inabeba takriban lita 1,900 za dawa, na ndege iliyojaa hainyanyuki kama ile iliyobaki na robo tangi. Ongeza joto la mchana na kimo cha mashamba ya Timau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mabawa na injini vyote hupungukiwa nguvu. Mahali pa kuanza kuinua pua asubuhi kwenye shamba la chini siyo mahali pake saa saba mchana huko juu.

Kuvuka laini kufanyike juu ya nguzo. Nguzo inaonekana, na ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Katikati ya nguzo mbili unakisia tu. Kuhusu kupita chini ya waya: marubani wenye uzoefu wapo wanaofanya hivyo, na siwezi kuandika kana kwamba hawapo. Lakini waya hulegea zaidi kadiri joto na mzigo wa umeme vinavyopanda, kwa hiyo nafasi iliyokuwepo saa moja asubuhi si ile ya saa nane mchana. Kikosi cha ardhini na mwenye shamba wasiombe jambo hilo hata kwa utani.

7. Kinachoiba akili

Kiongozi cha setilaiti chenye taa, kinachomwonyesha rubani kama yuko kwenye mstari, kimewaondoa vijana waliokuwa wakisimama na bendera kwenye ukungu wa dawa, na hilo ni jema. Ila kinavuta macho ndani ya chumba cha rubani. Redio nayo ni hivyo hivyo. Wakati ndege iko chini, mtu wa ardhini asiongee chochote isipokuwa onyo, na onyo liwe neno moja: “Waya!” au “Simama!” Habari za mafuta, za gari la maji, za mgeni aliyefika, zisubiri ndege itue. Rubani akikatizwa kwa sababu yoyote, apande juu, alitazame shamba upya, kisha arudi.

Ndege nyingi za kisasa za kilimo zina visu vya kukatia waya kwenye kioo na kwenye miguu ya magurudumu, na kamba ya chuma kutoka juu ya chumba cha rubani hadi kwenye mkia ili waya uteleze juu yake. Vinaokoa maisha kwenye nyaya ndogo. Waya wa chuma au laini kubwa ni habari nyingine, na visu havilindi mabawa.

8. Kipande cha mwisho

Dawa iliyobaki tangini ni kidogo, rubani amechoka, ndege imekuwa nyepesi na inamtii. Mistari mikubwa imeisha. Zimebaki pembe na kingo, yaani sehemu zilezile zilizorukwa kwa sababu ya nyaya. Sasa anaruka kwa mwelekeo tofauti na ule aliokuwa nao tangu asubuhi, na picha aliyokuwa nayo kichwani, waya uko kushoto, waya uko kushoto, haifai tena kitu. Hapo ndipo mwenye shamba anapomwambia msimamizi, “Hebu mwambie Kapteni, ile pembe ya kule kwenye transfoma, dawa si bado ipo?”

Jibu la msimamizi ni hapana, na ombi hilo halipelekwi redioni. Kama kingo zilikuwemo kwenye mpango tangu mwanzo, rubani apande, azunguke upya kama vile ndiyo kwanza anafika, aangalie mchoro, kisha afanye mistari sambamba na laini. Kama hazikuwemo, ndege inatua. Mabadiliko yoyote ya mpango yanajadiliwa injini ikiwa imezimwa.

9. Kwelea kwelea na jua la jioni

Kazi ya kwelea ina ugumu wake. Ndege hao hupigwa dawa jioni wanaporudi kwenye malalo yao, matete au miiba, kwa hiyo rubani anashuka wakati jua linazama. Karibu na ikweta giza halisubiri. Saa kumi na mbili na nusu unaona, dakika ishirini baadaye huoni. Nyaya zimekwisha kupotea zamani.

Kwa hiyo mzunguko wa juu ufanyike mchana, jua likiwa juu, na mistari ipangwe isielekee magharibi moja kwa moja. Saa ya mwisho ya kushuka iwekwe na isisogezwe, hata kama kundi ndiyo kwanza linatua. Malalo yaliyo karibu na laini yaachwe kwa vikosi vya ardhini. Tanzania kazi hii inaratibiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kwenye ukanda mzima lipo pia shirika la DLCO-EA, lililoundwa 1962 kwa ajili ya nzige wa jangwani. Rubani wake huenda hajawahi kuliona shamba lako. Mchoro wako wa ukurasa mmoja umfikie kabla hajaondoka uwanjani.

10. Kama ni droni

Hatua ya kwanza hadi ya nne hazibadiliki. Usitegemee vihisi vya kuepa vikwazo: vinaona miti na nyumba, waya mwembamba vinaweza kuukosa. Chora mpaka wa safari ndani kabisa ya laini, na weka kimo cha kurudi nyumbani juu ya nyaya zote za eneo, kwa sababu betri ikipungua droni itajirudia yenyewe kwa njia iliyonyooka. Droni ikinasa kwenye waya, iache. Hakuna mti mkavu wala ngazi ya plastiki itakayokufanya salama. Piga simu shirika la umeme.

11. Waya ukigongwa

Kwanza zuia watu. Waya uliokatika na kulala kimya unaweza kuwa na umeme: laini nyingi zina swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya sekunde chache, na kwenye udongo mkavu swichi huenda isikatike kabisa. Kaeni mbali, mita 10 au zaidi, na msisogee mpaka shirika la umeme lithibitishe kwamba laini imezimwa na kufungwa.

Ikiwa waya uko juu ya ndege na rubani ana fahamu, abaki ndani. Moto ukiwaka na ni lazima atoke, aruke miguu miwili pamoja bila kugusa ndege na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuza miguu iliyokaribiana, bila kupiga hatua ndefu.

Hatari ya pili ni dawa iliyomwagika. Wanaomsaidia wasimame upande upepo unakotoka, wavae glavu na buti za mpira, wamvue nguo zilizolowa na kumwosha kwa maji mengi na sabuni. Dawa za kundi la ogano-fosfeti, kama fenthioni inayotumika kwa kwelea, hupita kwenye ngozi. Kutokwa na mate na jasho jingi, mboni kusinyaa na kupumua kwa shida ni dalili zake. Lebo ya dawa iende hospitali pamoja na mgonjwa. Mpeni daktari mkononi.